Goti la Walburga

Walburga Stadlmair alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote pale parokiani, na mwandiko huo ndio uliomponza. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa kanisa la mji wao mdogo wa Bavaria: akiandika ndoa, vifo na ubatizo, akikausha wino kwa karatasi, asiache hata doa.

Walipoingia watawala wale waliowachukia Wayahudi, na tamaa yao ya damu safi, kila mtu alitakiwa alete cheti kuonyesha babu na bibi zake walibatizwa wapi. Vitabu vya ubatizo vilikuwa kanisani, basi watu wakapanga foleni kwa Walburga. Ndipo ofisi ya meya ikaulizia ukoo wa Ottilie Rosenau, mwalimu wa kinanda na mpiga ogani wa kanisa. Ottilie alibatizwa akiwa kichanga. Lakini wazazi wake walibatizwa ukubwani, na ubavuni mwa majina yao kitabu kilisema: *zamani Wayahudi*. Walburga angeweza kuyaruka maneno hayo mawili. Nani angejua? Yeye akayanakili, tena akayapigia mstari kwa rula, maana kitabuni yalikuwa na mstari. Padre Korbinian akatia saini bila kuuliza.

Mwaka wa arobaini na mbili Ottilie alipandishwa garimoshi la kwenda kambi za mauaji pamoja na shangazi yake Regine, Myahudi ambaye hakuwahi kubatizwa. Hakurudi hata mmoja.

Vita vilipokwisha, mji mzima ukawa haujui kitu. Loo, watu wale! Waliokwenda kununua meza za Regine kwenye mnada nao hawakujua kitu. Walburga alijua. Alikwenda kuungama, na Padre akamwambia kazi ya ofisi si dhambi, yeye aliandika tu.

"Na wewe ulisaini tu," Walburga akamjibu kupitia wavu wa kiti cha maungamo.

Padre akasema yaliyopita si ndwele.

"Hii ni ndwele, Padre. Miaka tisa nalala nayo."

Hapo ndipo Walburga akamweleza alichokusudia. Kila Ijumaa Kuu waliwaombea watu wote wa dunia, kundi baada ya kundi, na kwa kila kundi shemasi aliimba wapige magoti, kisha wasimame. Wazushi walipigiwa goti. Wapagani walipigiwa goti. Wayahudi peke yao waliombewa watu wakiwa wima, na kwa maneno ya kuwasema vibaya. Walburga alisimama hivyo tangu utotoni, asiulize, kama alivyonakili bila kuuliza. Mwaka huu angepiga goti.

Padre alimsihi. Ottilie alikuwa wetu, alisema, alikuwa Mkatoliki. Asimchanganye na hao wengine. Walburga akasema mlango wa garimoshi ulikuwa mmoja, na yeye angempigia goti Regine vilevile. Basi Padre akamwonya waziwazi: akivuruga ibada, ofisini asirudi. Walburga alikuwa na miaka hamsini na mitatu, hana mume, na kazi nyingine haijui. Siku ile ile akamkabidhi Padre funguo za kabati la vitabu, asije akaonewa huruma.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa. Alikaa benchi la tatu, karibu na Kreszenz, mke wa mwoka mikate, anayepeleka habari mjini upesi kuliko posta. Ikafika sala ile. Watu wakabaki wima. Walburga akashuka, na goti lake likagonga ubao kwa kishindo hata Padre akapoteza mstari.

"Inuka wewe, unatuaibisha," Kreszenz akamnong'oneza, akimvuta koti.

"Nivute, lakini siinuki."

Padre akaupata mstari wake, akamaliza. Ikafuata sala ya wapagani. Shemasi akaimba wapige magoti, na kanisa zima likashuka, likamkuta Walburga keshatangulia chini. Akaimba wasimame, wakasimama wote, mabenchi yakalia. Walburga hakusimama. Goti lake hakuna aliyeliamuru lishuke, na hakumwona wa kuliamuru liinuke. Akabaki palepale, akiyataja majina mawili kwa sauti ya kusikika benchi zima: Ottilie, Regine, Ottilie, Regine.