Mbele ya Mkwe

Mama alitolewa titi la kushoto, akapona, tukaamini tumeshamalizana na saratani. Aliishi Ipogolo, kliniki yake ikawa Mbeya, safari ya saa nyingi. Mimi nina duka Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, silifungi hovyo, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa akimfuata kwa gari.

Mama alimheshimu mkwewe kupita kiasi. Hakula naye meza moja, hakukaa siti ya mbele. Kumwambia mkwe kwamba amebanwa na haja, heri afe. Wakifika Nyololo, njiani, alisema, "Baba, simama kidogo ninunue viazi." Anapotelea nyuma ya vibanda, anarudi na viazi. Kisha mwaka mmoja akawa ananunua Nyololo, ananunua Makambako, ananunua na Igawa. Viazi vikachipua jikoni kwangu. Tulimtania sana, naye akacheka, huku anakonda.

Siku moja kliniki, muuguzi alimwita mume wangu ndani asikilize maelezo ya dawa. Daktari akamuuliza mama, mkwe kakaa pale pale, "Choo unapataje? Umewahi kuona damu?"

Mama akatazama sakafu. "Hapana, baba. Niko salama."

"Kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo?"

"Hakuna."

Kaka yake alikufa kwa ugonjwa huo huo. Sote tulimzika.

Damu niliiona mwenyewe, miezi baadaye, nikifua nguo zake. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Daktari alinieleza kwamba wengi wanaougua titi hawapati saratani ya utumbo, ila zipo familia chache ambazo zote mbili hupita katika damu moja, ndiyo maana aliuliza. Nilimkasirikia mama, Mungu anisamehe. Niliikasirikia na heshima yenyewe, hiyo tuliyomsifia miaka yote.

Wiki ya mwisho alikuwa kwangu, hawezi kusimama. Mchana mmoja alichafuka kitandani, nami peke yangu sikuweza kumwinua. Nikamwita mume wangu. Alimbeba hadi bafuni, uso kaugeuzia ukutani, akamlaza taratibu kwenye mkeka, akatoka.

Mama alikuwa amejifunika kanga usoni. Nilipoanza kumwosha, akanishika mkono.

"Ameona?"

"Hajaona kitu, mama."

Akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia.