Viazi Vinavyong'aa

Mwalimu Kipkirui wa Kilimo alizaliwa Kuresoi, akalelewa kwa viazi, akasomeshwa kwa viazi, na hadi leo ukimtajia mtu asiyekula viazi atamhurumia kama mgonjwa. Miaka nenda miaka rudi alifundisha magonjwa ya mimea kwa kitabu chenye picha nyeusi tii, ambamo jani zima na jani gonjwa ni mapacha. Basi intaneti ilipofika shuleni, alishangilia kuliko wanafunzi!

Furaha haikudumu. Vijana walinaswa wakitazama mpira, na mkuu wa shule, Bi. Wanjugu, akawafungia mtandao. Kipkirui alimbembeleza muhula mzima, mpaka akakubali somo moja tu, tena yeye mwenyewe akiwa ameketi nyuma ya darasa.

"Mwalimu, ikikuwa mchezo, nazima. Na siwashi tena."

Shamba la viazi la shule lilikuwa linakauka, na Kipkirui alitaka wanafunzi waione blight, ule ugonjwa unaounguza majani ya viazi. Kwa kuwa yeye huandika kwa kidole kimoja, aliinua tableti akaiamuru kwa sauti: "Potato plight!"

Tableti ikatii. Projekta ikamwaga ukutani wakulima wanaolia. B ya mwalimu, kama ya Wakalenjin wengi, ilikuwa imetoka P, na plight ni masaibu. Akarudia kwa nguvu zaidi. Wakulima wakazidi kulia, darasa likaangua kicheko.

Bi. Wanjugu akainuka. Kipkirui akajua mambo yameharibika.

"Leta hapa," mkuu akasema, akaisogeza tableti mdomoni. "Potato bright!"

Viazi vilivyooshwa vikatanda ukutani, viking'aa kama vya harusi. L ya mkuu, Mkikuyu, nayo ilikuwa imegeuka R, na bright ni kung'aa. Wanafunzi wakaficha vicheko nyuma ya madaftari. Kisha Bi. Wanjugu akacheka mpaka akashikilia dawati.

"Chepkemei, andika hiyo kitu na mkono. Hii mashine haitujui!"

Chepkemei, msichana wa dawati la mbele, akaandika. Ukuta ukajaa majani yenye madoa meusi.

"Hiyo ni yetu!" darasa zima likapiga kelele, na mara mlango ukawa mdogo kwa waliokimbilia shambani.

Kipkirui alipofika shambani, mkuu alikuwa amekwisha kuchutama kwenye matope na viatu vyake vya mikutano, tableti mkono huu, jani mkono ule.

"Mwalimu, ni yenyewe! Kesho uniletee Form Two pia."