Mtoano wa Kumi na Sita

Fundi wa majokofu ni mtu wa maneno mengi. Akiingia jikoni kwako atakusimulia habari za kila friji aliyowahi kuifufua, na utake usitake utamsikiliza, maana akiondoka maziwa yako yatakuwa baridi.

Nyumbani ana cheo kingine: ndiye mwamuzi wa mtoano. Binti yake alipokuwa darasa la pili, baba na mtoto walikuwa hawalali bila kubishana nani zaidi kati ya wahusika wa gemu zao za video. Mama mtu, aliyechoshwa na kelele, akageuza kalenda ya zamani, akachora mistari, akasema wahusika wapangwe wawili wawili, wapigiwe kura, anayeshindwa atolewe, yaishe. Hayajaisha hadi leo, na binti sasa ni mwalimu. Kila likizo anakuja, na michoro kumi na sita ya wahusika aliyoichora utotoni kwa kalamu za rangi inabandikwa ukutani, bila jina hata moja chini yake.

Majina halisi ya wahusika hao yalikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo fundi akawabatiza upya: Bibi Shoka, Chura wa Bati, Kiguu na Njia, Mla Matofali. Akatunga na sheria. Ukisema "yule mwenye shoka," kura yako imekwenda na maji. Mhusika hutajwa kwa jina lake.

Mwaka huu fundi aliiogopa likizo. Ilianza kazini: amefungua mgongo wa friji, anamwonyesha mteja kilichoharibika, neno "kompresa" likagoma kutoka. Akasema, "Hii hapa, moyo wake," mteja akacheka. Wiki mbili baadaye alisimama kwenye ngazi za jengo analokaa mwaka wa kumi na moja, begi la spana begani, asijue mlango wake ni upi. Akainama kujifanya anafunga kamba za viatu, jasho likimtoka, mpaka mke wake alipofungua mlango wa kushoto kutoa takataka.

Hakumwambia mtu. Aliogopa daktari, na zaidi ya daktari aliogopa macho ya mke wake siku atakapojua. Basi asubuhi moja, kichwa kikiwa chepesi, akaandika majina yote kwenye kikaratasi na mbele ya kila jina alama ya kumtambulisha. Akakitia mfuko wa shati.

Siku ya mtoano ilipofika mambo yalikwenda sawa. Kila raundi alikuwa akigeukia dirishani kukohoa, anachungulia mfukoni, anarudi. "Chura wa Bati kapita," anatangaza, na binti anapandisha mchoro.

"Baba, kikohozi hicho umekinywea dawa?" aliuliza mke wake.

"Vumbi tu, mama."

Nusu fainali ikambakiza mwanamke wa kijani mwenye shoka. Fundi alimtazama. Alijua kwamba anaruka mara mbili, alijua binti alilia siku mwanamke huyo alipotumbukia kisimani. Jina halikuwepo. Mahali pake palikuwa peupe, na ule weupe ulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukiona maishani.

"Kapita yule..." alianza.

"Kura imekwenda na maji," binti alicheka. "Mwenye sheria kavunja sheria."

Mkono ulikimbilia mfukoni. Kikaratasi kikamponyoka, kikaangukia miguuni kwa binti, naye akakiokota.

"Heh, mama, njoo uone. Mwamuzi anaibia mtihani." Akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani. "Bibi Shoka, wa kijani. Kiguu na Njia, kofia imechanika. Mla Matofali, meno mawili." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi alinyoosha mkono kumnyang'anya, binti akakwepa.

Binti alisoma wote kumi na sita. Kisha akaona orodha haijaisha. La kumi na saba lilikuwa jina la mama yake, na mbele yake: mke wangu, mlango wa kushoto. La kumi na nane lilikuwa lake mwenyewe, na mbele yake: binti yangu.

Mama alichukua karatasi akasoma. Akairudia. Kicheko kilikuwa kimeshamwisha.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu mvua zilipoanza," alisema fundi. "Naogopa, mama."

Binti alikaa chini, mchoro wa kijani ungali mkononi. Alijaribu kuongea kama kawaida. "Na sisi, Baba? Umetupanga na nani?"

Fundi alizitazama nyuso mbili zile, moja baada ya nyingine, kama anayezisoma.

"Sijawapanga," alisema. "Nimewaandika msije mkatolewa."