Barua ya Transiti

Nilipomaliza chuo kikuu na shahada ya hisabati na kompyuta, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa Tunduma, kwa wakala wa forodha aliyekuwa na malori kadhaa, simu ya mezani na kompyuta tatu zisizojuana. Sote tulimwita Mzee. Alikuwa amehamia mpakani kutoka Kigoma wakati biashara binafsi ilipofunguliwa, na sasa wateja wake wa Dar es Salaam na Lusaka walikuwa wameanza kuichoka faksi. Walitaka barua pepe. Mjini hapakuwa bado na mahali pa umma pa kuipata, kwa hiyo niliajiriwa nimjengee seva yake mwenyewe: mashine iliyopiga simu Mbeya kwa modemu mara chache kwa siku, ikapokea barua zetu, ikatoa zinazoondoka, kisha ikakata.

Ugumu ulikuwa kwenye anwani. Kila kompyuta ya ofisi iliandika barua kwa jina lake la ndani, ambalo dunia ya nje haikulijua, hivyo aliyepokea hakuweza kujibu. Ilinibidi niandike kanuni za kubadili anwani. Upande wa kushoto wa kila mstari ulieleza sura ya anwani inayoingia, na upande wa kulia ulieleza itakavyotoka. Lakini seva ile ilikuwa na tabia moja: anwani ikishabadilishwa, ilirudishwa kwenye kanuni ileile ikaguliwe tena, na tena, mpaka kanuni isione cha kugusa. Katika majaribio ya kwanza kanuni yangu iliongeza jina la ofisi mwishoni, ikalirudia, ikalirudia, hadi anwani ikawa ndefu kama treni ya mizigo na seva ikagoma.

Mzee alikuwa na desturi ya pekee. Hakuna kilichopitishwa ofisini mwake bila kusomwa kwa sauti mbele yake. Alijua kusoma vizuri sana. Alitaka tu kusikia kama msomaji anasita mahali. Ndivyo ilivyokuwa kwa matamko ya forodha, na ndivyo ilivyokuwa kwa kanuni zangu. Nilimsomea mstari kwa mstari, nikizitafsiri alama kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo ni transiti," alisema. "Kontena linatoka bandarini na jina la mwenye mali, hapa linavuka kwa karatasi zangu. Ndani mzigo ni uleule."

"Ndivyo, Mzee."

"Basi kila barua itoke kwa jina langu. Na kila jibu lije kwenye sanduku langu."

Hakutaka karani yeyote awe na njia yake kwa wateja. Nikaandika hivyo. Kila asubuhi alichapa barua zilizoingia, akazisoma akinywa chai, kisha akazigawa kwa mkono wake.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa dada kutoka Hasamba, binti wa mkulima wa kahawa, mwandishi wa matamko hodari kuliko wote tuliokuwa nao. Wateja wa Zambia aliwasalimu kwa Kibemba, *mulishani*, nao walimngoja hata foleni yake ilipokuwa ndefu. Mchana mmoja alisogeza kiti karibu na changu.

"Kaka, barua ikija kwa jina langu, inaangukia wapi?"

"Kwa Mzee. Zote zinaangukia kwa Mzee."

Alikuwa ameomba nafasi ya kusoma uhasibu katika chuo kimoja cha Lusaka. Barua ya kuomba ilikwenda na dereva. Chuo kilisema majibu kitayatuma kwa barua pepe, na asiyethibitisha kabla ya tarehe ya mwisho atapoteza nafasi yake. Anwani pekee aliyokuwa nayo ya kuwapa ilikuwa jina lake kwenye seva yetu.

"Mzee akiiona ataikalia," alisema. "Si kwa ubaya. Atasema tu kwanza tumalize msimu wa mbolea, halafu msimu wa mahindi. Niwekee mstari wangu."

Ulikuwa mstari mwepesi kuuandika. Ungekaa juu ya kanuni ya Mzee, ili anwani ya dada ikutane nao kwanza na kuelekezwa mezani kwake. Lakini nilijua kwamba jioni ningeusoma kwa sauti, na kwamba kuuruka mstari mbele ya mtu yule ni jambo nisingeliweza bila kusita.

"Nitauandika, lakini nitausoma," nilimwambia.

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akitarajia kaka wa aina nyingine. "Haya, usome. Nami nitakuwepo."

Jioni nilisoma. Nilipofika pale, Mzee aliinua kidole.

"Huyu naye ana sanduku lake tangu lini?"

Dada alimweleza kila kitu akiwa amesimama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Umesikia, msomi? Nilidhani hii *mulishani* yake ni ya kusalimia wateja. Kumbe anaaga!"

"Mzee, naomba nikuulize," dada alisema. "Mzigo wa transiti ukifika yadini kwako, ile sili iliyofunga kontena la mtu unaikata?"

"Sijawahi kukata sili ya mtu. Forodha wenyewe wanajua."

"Na barua yangu ni ya transiti. Inapita tu kwako."

Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. "Una mdomo, binti. Ndiyo maana siwezi kukuachia." Akaelekeza kidole kwenye karatasi yangu. "Huo mstari utoe."

Niliutoa. Kuanzia siku ile dada alikuwa akifika mapema na kutazama kila karatasi iliyotoka ndani mkononi mwa Mzee. Nami nilikuwa nikitazama kumbukumbu za seva, ambazo zilinionyesha barua imetoka wapi na inakwenda kwa nani, si kilichoandikwa ndani. Siku moja mchana niliona jina la chuo kile. Nikamwambia. Tukangoja. Mzee alifunga ofisi bila kutoa kitu.

Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani mwake chai ikiwa haijaletwa. Alishika karatasi iliyokunjwa mara mbili na kubanwa kwa stepla kingo zote, pini zimekaribiana hata kucha isingepita.

"Mzigo wako," alimwambia dada. "Kagua sili kabla hujapokea."

Dada aliigeuza karatasi pande zote, kama alivyozoea kukagua sili za makontena. Kisha akazing'oa pini kwa mkasi, moja moja, akasoma. Alikuwa amepata nafasi. Juu ya karatasi palikuwa na tarehe ya kuchapwa, nayo ilikuwa ya jana, na sote watatu tuliiona. Karatasi haitoki kwenye printa bila mtu kuitazama, na sikuwahi kujua Mzee alisoma kiasi gani, wala usiku ule aliupitishaje. Dada hakumuuliza.

"Shikamoo, Mzee," alisema, ingawa walikuwa wameshasalimiana.

"Marahaba. Sasa wape watu jibu lao. Lori likikaa sana mpakani, mwenye mzigo analaumu nani? Wakala."

Dada aliandika jibu kwenye kompyuta yake, mistari mitatu ya kukubali nafasi na jina lake chini. Likapita kwenye kanuni zangu ambazo hazikubadilishwa, modemu ikapiga Mbeya, na barua ikaondoka kwa jina la Mzee.