Soksi za Shangazi Nyambura

Shilingi mia nane za soko la mitumba la Gikomba, mifuko miwili ya mkate na ukucha wa kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo gharama ya mimi kujifunza kuendesha baiskeli wakati wa baridi. Nimehesabu mara mbili, na mara zote kinachoniuma ni ukucha.

Mwanangu, umenitangazia kwa hicho Kiingereza chako kwamba mwaka huu utakwenda chuo kwa baiskeli hata theluji ikianguka. Sikukatazi. Ila nakumbuka Jumapili moja, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikiwa mpangaji Mount Dennis, huku Kanada, nilipoitwa Etobicoke kwa Shangazi Nyambura. Alikuwa muuguzi, na ndiye mzee pekee wa ukoo wa mama yako upande huu wa dunia. Neno ambalo angepiga simu nyumbani kulisema ndilo lingeamua kama posa yangu itapokelewa.

Nauli ya basi niliiona uporaji. Nikapanda baiskeli.

Miguuni nilivaa mabuti ya mtumba niliyonunua kabla ya kusafiri. Ndani yalikuwa na kibandiko cha duka la Kanada. Naam, yalitoka huku, nikayalipia, kisha nikayarudisha kwao ndani ya sanduku langu. Yalikuwa madogo kwa nambari moja, ndiyo maana bei ilishuka. Kwa kawaida muuzaji ndiye husema kiatu kitapanuka. Siku ile muuzaji alinionya, "Boss, hii itakubana," nami mteja nikamjibu, "Itapanuka. Toa hamsini." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, liliganda.

Nilivaa soksi tatu za pamba kila mguu, nikidhani joto hujumlishwa kama mafungu ya nyanya. Juu yake mfuko wa mkate, kisha nikausindilia mguu ndani ya buti. Nusu ya safari, uji mweusi wa theluji na chumvi ulishaingia. Vidole viliuma sana, halafu vikaacha, nikafurahi. Mwanangu, baridi ikiacha kuuma usifurahi.

Nilikuwa nimejiandalia salamu nzuri. Nilichosahau ni kwamba huku watu hawaingii ndani na viatu.

"Karibu. Vua viatu."

"Niko sawa tu, Shangazi."

"Zulia langu haliko sawa. Vua."

Buti lilichomoka kwa mlio wa kizibo cha chupa, maji yakafuata. Mama yako, sinia ya chai mkononi, akasoma mfuko kwa sauti, "Ngano isiyokobolewa," kisha akageukia ukuta. Shangazi hakucheka. Alikishika kidole changu, cheupe kama nta.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Nimekufinya."

Nikaomba kuweka miguu juu ya hita. Akanikatalia: mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Vidole vilipoanza kurudi, nililia machozi mbele ya mchumba wangu.

"Soksi tatu ndani ya kiatu cha mtoto! Damu ipite wapi?" akafoka. "Na anayepunja miguu yake mwenyewe, mke atampunja mara ngapi?"

"Nilibana matumizi ili nipate za posa, Shangazi."

"Binti yetu tumwoze bwana harusi mwenye vidole saba?"

Akanivisha soksi nzito za sufu, za kijivu, alizofuma mwenyewe. Kwa mazoea ya kupatana bei nikauliza, "Tuseme ni zawadi?"

"Tuseme ni za kuazima."

Jumapili iliyofuata, ukucha wa kidole gumba ukiwa umeshang'oka, nilirudi kwa baiskeli, na mabuti mapana. Kabla ya kuitika shikamoo yangu, aliinama akazipapasa soksi. Kavu. Akainua simu papo hapo, nami nikisikia: "Kijana ni bahili, lakini akiambiwa husikia." Posa ikapokelewa. Siku ya mahari nilipunguziwa mbuzi, nikapunguziwa na mablanketi. Tulipokuwa tunainuka, Shangazi akakohoa: "Na soksi za sufu, pea moja. Mpya." Hizo hazikupungua.

Basi shika haya. Nunua buti ambalo vidole vinacheza ndani yake. Vaa soksi moja ya sufu. Pamba hunywa maji ikakaa nayo. Funga madigadi ya kukinga matope mbele na nyuma, na juu ya kiatu vaa kifuniko cha kuzuia upepo na maji. Beba soksi kavu begini. Ukihisi ganzi, shuka, tembea ukiisukuma baiskeli hadi damu ishuke vidoleni. Ukifika, jaza mabuti magazeti yanyonye unyevu. Bishana bei na dunia nzima, mwanangu, lakini na miguu yako usibishane.

Mungu akupe barabara iliyoparuliwa theluji, upepo wa mgongoni, na miguu ya kuvulia viatu popote bila aibu.

Na zile soksi kuukuu za kijivu ulizochukua kabatini bila kuomba, tuseme ni za kuazima. Nirudishie kavu, zote mbili. Nitahesabu.