Ubeti wa Wifi

Kaka yangu ni fundi cherehani, na akishaamua jambo, hata umpigie magoti hakusikii. Ile mashine ya santuri aliitoa kwa muuza vyuma chakavu kwa kumshonea suruali. Ilikuwa imekufa kabisa: mota imeganda, mkanda umeoza, panya wamezalia ndani. Nikamwambia, "Kaka, umetuletea jeneza." Akaniambia nipunguze domo, nimshikie taa.

Nilipojua anachotaka, sikumcheka tena. Wifi yangu alifariki binti yao akiwa bado ananyonya. Enzi za usichana wake aliimba kwaya ya kiwandani, wakarekodi santuri moja, ambayo kaka aliitunza bila kuwa na cha kuipigia, na katikati ya wimbo kuna ubeti anaouimba peke yake. Binti hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Sasa alikuwa anaolewa mbali, na kaka akaapa kwamba mtoto haondoki bila kuisikia.

Hela hakuna, basi vifaa vyote vikatoka kwenye ushonaji. Mota akailainisha kwa mafuta ya cherehani. Mkanda akautengeneza kwa lastiki ya sketi, akaufumua na kuushona upya mpaka sahani inayobeba santuri ikazunguka bila kuyumba. Chini ya santuri akatandika kipande cha kitambaa cha koti. Nyaya akaziunganisha na redio yetu kuukuu. Jamani! Siku wifi alipoimba mle chumbani niliangusha sufuria. Tulilia wote wawili, sioni haya kusema.

Tatizo likawa sindano ya mashine, ile inayopita kwenye mifereji ya santuri. Ilikuwa imechoka, inateleza. Kaka akabandika kifungo cha koti juu ya ule mkono unaoibeba ili uwe mzito, ikatulia. Na kila akirekebisha kitu, anajaribia ubeti uleule wa mkewe; santuri nyingine hatukuwa nayo. Sauti ikaanza kukwaruza. Yeye akaona mbovu ni mashine, akaongeza kifungo kingine, akajaribu tena. Akaongeza tena. Wala hatukushtuka.

Fundi redio alipotuletea sindano nzima, aliitazama ile ya zamani, kisha akavitazama vifungo.

"Mzee, hii imevunjika ncha. Ulikuwa unalima, hukuwa unapiga santuri."

Kaka akasema asante, akaifunga ile mpya. Hakuijaribu. Akaifunika mashine kwa shuka mpaka binti alipofika.

Binti akaketi kwenye kiti cha wateja. Kwaya ikatoka safi, unasikia mpaka wanavyovuta pumzi. Halafu ukaja mkwaruzo mtupu, kama mafuta kikaangoni, mrefu, kisha kwaya ikarudi. Binti alikuwa ameinamia spika, anatabasamu, anasubiri.

"Baba, mama anaanza wapi?"

Kaka alikuwa ameshikilia futi iliyomning'inia shingoni, kwa mikono miwili.

"Ameshaimba, mwanangu."