Tulivyovisha Viti vya Ndege Kempton Park

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya Kempton Park karibu na uwanja wa ndege wa Johannesburg, nilishona kava moja la kiti cha ndege, asubuhi nzima, nikampelekea msimamizi wa chumba cha cherehani, mama wa Kizulu mwenye sauti ya chini. Aliligeuza nje ndani, akaliinua dirishani, kisha akachukua mkasi akalikata vipande viwili. Uzi ulikuwa umeruka tundu moja.

"Abiria hataliona," aliniambia, "ila mkaguzi ataliona, na ndege itazuiwa kuruka kwa sababu yako."

Mimi nilitoka Tanga nikiwa fundi cherehani, na hapa Johannesburg nilikuwa nikishona sare za shule katikati ya mji. Nilidhani cherehani ni cherehani. Kumbe kitambaa cha ndege kina masharti yake. Kila gora la kitambaa lilipofika tulikata ukanda, tukauning'iniza juu ya moto. Moto ukiondolewa, kitambaa lazima kizime chenyewe. Kikiendelea kuwaka, gora zima linarudi lilikotoka. Nilianzia kwenye kukata, nikahamia kwenye mikanda ya viti, kisha makoti ya kuokolea watu majini, na yule mama alipostaafu nikakalia kiti chake.

Sasa niwaambie siku tuliyokaribia kufungwa. Kiwanja cha karakana yetu kilikuwa cha serikali ya mkoa, na wapo waliotaka kijengwe maghala. Afisa wa uchumi alikuja kuona kama karakana yetu ina faida yoyote kwa mkoa, naye alitakiwa kutoa ushauri wake wiki ile ile. Meneja alikuwa ameandaa picha za kuonyesha ukutani. Hajamaliza salamu, umeme ukakatika. Cherehani zote zikanyamaza. Meneja alisema "eish" moja ndefu, akanigeukia.

"Mama Rehema, mtembeze."

Nilimtoa nje. Nikampeleka kwa jirani anayetukatia sponji za viti, kisha kwa dobi anayefua makava yanayovuliwa. Kote umeme hakuna, watu wamekaa mlangoni, wakamweleza wenyewe kwamba kazi yao hutoka kwetu. Afisa hakuwa mtu wa majivuno. Aliuliza, akasikiliza, akauliza tena.

Mwisho tukaingia kwenye kantini ya Mama Béatrice, Mkongomani, ambaye hupikia gesi. Mezani walikuwepo mafundi wawili wa ndege kutoka Lubumbashi. Ndege yao ilikuwa kwetu ikibadilishwa viti, nao wamelala nyumba ya wageni karibu na hapo, mizigo ya madukani imejaa miguuni. Afisa akataka kujua wangekwenda wapi kama tusingekuwepo. Nikamtafsiria mkubwa wao, akajibu bila kuacha kula:

"Tungeenda fasi ingine, mama. Na hii mizigo yote tungenunua kule-kule."

Nilimwambia afisa neno kwa neno: wangekwenda mahali pengine, na pesa zao wangezitumia huko. Alivuta kiti, akamwomba Mama Béatrice sahani ya ugali na samaki. Nilipomwona ananawa mikono, moyo wangu ulitulia.

Kiwanja tulibaki nacho, kwa sharti kwamba kila mwaka tufundishe vijana wa mkoa. Ndipo akaja Lindiwe, msichana wa Tembisa, kitongoji cha jirani, aliyecheka hata akichomwa na sindano. Kava lake la kwanza nililikata kwa mkasi. La pili pia. Leo yeye ndiye msimamizi.

Mimi nimestaafu, niko Hillbrow, katikati ya mji, nashonea majirani nguo za harusi. Bibi harusi mmoja alinenepa kabla ya siku yake, na gauni nililolishona halikukubali kufumuliwa, maana nilikuwa nimelishona kama kava la ndege. Tulihangaika nalo hadi tukacheka sote wawili. Vijana wakiniuliza ndege zinamsaidia nini mtu asiyewahi kuzipanda, huwataka waende Kempton Park mchana, wahesabu milango ya biashara iliyo wazi.

Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe. Karakana imeongezwa chumba, na sauti za cherehani nilizisikia tangu barabarani. Lindiwe alinipa kava lililokwisha kushonwa, akasimama mbele yangu mikono nyuma. Niliupitisha mshono vidoleni, mwanzo hadi mwisho, nikamrudishia. Mkasi niliuona pale mezani. Sikuugusa.